Kwinini: Umbo la Molekuli, Nuru na Fuwele

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda kwa mikunjo mingi kwa zaidi ya kilomita thelathini. Katika safari hiyo fupi msafiri huacha joto la nyika, mkonge na mbu, akaingia katika baridi ya mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, penye mapeasi, kabichi na ukungu wa asubuhi. Wasambaa waliifahamu maana ya tofauti hiyo kabla ya wenye maabara. Mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara waliiita homa waliyoipata waliposhuka bondeni kwa jina la mbu. Walipoulizwa waliipataje, walijibu kuwa huko chini wako wadudu, nao wakiitwa mbu, ambao huwauma watu. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Ronald Ross avione vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko India.

Baridi ilikuwa ngao kwa sababu kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, hakiwezi kukamilisha ukuaji wake ndani ya mbu pale hali-joto inaposhuka chini ya nyuzi 18 za Sentigredi hivi. Ndiyo maana Wajerumani waliupenda mji wa Lushoto, wakauita Wilhelmstal. Mandhari yalikuwa nyongeza tu. Lakini ngao hiyo haikumfuata mtu aliyeshuka Mombo, Korogwe au Muheza. Huko alihitaji dawa, na dawa ya kutegemewa wakati ule ilikuwa moja: kwinini, itokanayo na magome ya mti uitwao mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini.

Kwa hiyo Taasisi ya Biolojia na Kilimo iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, iliupanda mti huo miongoni mwa mimea yake ya majaribio. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia ya bahari, magome ya Usambara yaligeuzwa dawa ya jeshi la Wajerumani. Palipokosekana vidonge, magome yalichemshwa, na askari wakapewa kinywaji kilichokuwa kichungu kama shubiri, ambacho kwa mzaha kiliitwa “Lettow-Schnaps”, kwa jina la jenerali wao.

Historia hiyo imesimuliwa mara nyingi. Jambo lisilosimuliwa mara kwa mara ni kwamba molekuli ya kwinini ni mwalimu hodari wa kemia. Ndani yake mwanafunzi anaweza kuona jinsi mpangilio wa atomu chache unavyoamua mambo mawili yanayoonekana kuwa mbalimbali: namna kitu kinavyoipokea nuru, na namna molekuli zinavyojipanga zenyewe na jirani zake. Mambo hayo mawili yalimnufaisha mpiga picha na mtengenezaji wa runinga, na la pili ndilo lililomwokoa mgonjwa.

Sahani, tenga na daraja

Kwinini ilitengwa kutoka katika magome mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Fomula yake ni C₂₀H₂₄N₂O₂. Fomula hiyo, hata hivyo, haimwelezi mtu mengi, kama vile hesabu ya matofali isivyoeleza ramani ya nyumba.

Molekuli hii ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni pete mbili za atomu zilizoungana ubavu kwa ubavu, bapa kama chapati, na katika pete mojawapo atomu moja ya kaboni imeachia nafasi yake kwa naitrojeni. Wanakemia huiita kwinolini. Hapa itaitwa sahani. Sehemu ya pili ni kijumba cha atomu kilichofungwa pande zote, mfano wa tenga la kubebea kuku, nacho pia kina naitrojeni moja. Kati ya sahani na tenga pana daraja: atomu moja ya kaboni iliyoshika kikundi cha haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni. Mwisho, ukingoni mwa sahani umening’inia mkia mdogo wa oksijeni moja na kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Mkia huo huitwa methoksi, na msomaji anaombwa asiudharau.

Naitrojeni hizo mbili hazina tabia moja. Ile ya tenga hupokea protoni kwa wepesi, hata katika maji yasiyo na asidi. Ile ya sahani ni nzito wa kukubali. Husubiri mpaka pawe na asidi ya kutosha.

Mng’ao wa buluu

Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel alieleza ajabu aliyoiona katika maji ya kwinini yenye asidi. Maji yalikuwa meupe kabisa, lakini upande ulioelekea jua ulionyesha utando mwembamba wa rangi ya buluu. George Stokes alilifumbua fumbo hilo mwaka 1852. Aligundua kuwa maji yale yalikuwa yakimeza miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa nuru ya buluu, ambayo jicho huiona. Tabia hiyo aliipa jina la fluoresensi.

Maelezo yake kwa lugha ya leo ni haya. Elektroni za sahani hazikai baina ya atomu mbili mbili. Zimeenea katika pete zote mbili kama maji katika sinia. Mwale wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 350 hivi ukiigonga sahani, elektroni moja hupandishwa ngazi ya juu ya nishati. Hukaa huko kwa nanosekunde 20 hivi, yaani sehemu 20 za bilioni moja ya sekunde. Katika muda huo molekuli hutikisika na kupoteza sehemu ndogo ya nishati kwa maji yaliyoizunguka. Elektroni inaposhuka hutoa kile kilichosalia, na kwa kuwa kimepungua, nuru itokayo ina wimbi refu zaidi, nanomita 450 hivi, ambayo ni buluu. Katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kwa kila mafungu 100 ya nuru yanayomezwa, zaidi kidogo ya 50 hurudi yakiwa nuru. Kwa molekuli ya mti wa porini, hicho ni kiwango kikubwa.

Asidi inahitajika kwa sababu ya ile naitrojeni nzito wa kukubali. Ikishapokea protoni huzivuta elektroni za sahani upande wake, nao mkia wa methoksi, ulio mkarimu wa elektroni, huzisukuma kutoka upande mwingine. Mvutano huo ndio unaoishusha nishati inayohitajika na kuung’arisha mwanga. Mkia ukiondolewa, mambo huharibika. Katika magome yale yale imo alkaloidi nyingine, sinkonidini, ambayo ni sawa na kwinini kwa kila kitu isipokuwa haina methoksi. Na katika asidi ile ile karibu haing’ai.

Tofauti hii ya mkia mmoja ilikuwa na bei yake shambani. Aina ya mkwinini iitwayo Cinchona succirubra humea kwa nguvu lakini magome yake huwa na sinkonidini nyingi, ilhali Cinchona ledgeriana ni dhaifu wa mizizi na tajiri wa kwinini. Huko Java, Waholanzi walipandikiza ledgeriana juu ya shina la succirubra, na kwa njia hiyo wakalishika soko la dunia mpaka Wajapani walipokiteka kisiwa hicho mwaka 1942.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya darasani pasipo gharama kubwa. Maji ya toniki yauzwayo madukani yana kwinini kidogo na asidi ya kutosha. Yamiminwe katika bilauri mbili safi, ziwekwe ndani ya sanduku lenye giza, kisha zimulikwe kwa taa ya urujuanimno, kama ile inayotumiwa kukagulia noti bandia. (Wanafunzi waonywe wasiitazame taa yenyewe.) Bilauri zote mbili zitang’aa buluu. Sasa vijiko viwili vya chumvi ya mezani vikorogwe katika bilauri moja. Mng’ao wa bilauri hiyo utafifia mbele ya macho yao, na ile nyingine itaendelea kuwaka.

Hakuna molekuli iliyoharibika. Ioni za kloridi za chumvi, zikiwa nyingi, huigonga molekuli iliyopandishwa nishati kabla nanosekunde zake 20 hazijaisha, na kuinyang’anya nishati hiyo. Iondolewe chumvi, na kwinini itang’aa tena. Jaribio hili linafaa kuliko maelezo ya ubaoni, kwa kuwa linamwonyesha mwanafunzi kwa jicho lake mwenyewe tukio la sehemu za bilioni ya sekunde.

Mkojo wa mbwa na kioo cha simu

Hayo ni ya molekuli moja moja. Zinapokutana nyingi, umbo huanza kutoa amri za namna nyingine.

Molekuli ya kwinini haifanani na taswira yake ya kiooni, kama vile mkono wa kulia usivyofanana na wa kushoto. Mwaka 1853 Louis Pasteur alizitumia besi zilizotokana na alkaloidi za mkwinini kutenganisha asidi ya tatariki ya “mkono wa kulia” na ile ya “mkono wa kushoto”, ambazo zilikuwa zimechanganyika. Sababu ni ile ile inayofanya kupeana mkono wa kulia kwa wa kulia kuwe rahisi: jozi moja hukaa pamoja vizuri ikafanya fuwele upesi, na jozi nyingine hubaki majini.

Lakini kisa cha kupendeza zaidi ni cha daktari William Herapath wa Bristol, Uingereza. Mwanafunzi wake alidondosha iodini katika mkojo wa mbwa aliyekuwa amelishwa kwinini, na mara vikatokea vijifuwele vya kijani ving’aavyo kama mabawa ya mdudu. Herapath alivitazama kwa hadubini akaona kuwa pale vilipolaliana, mahali pengine nuru ilipita na mahali pengine palikuwa peusi tititi. Alitangaza ugunduzi wake mwaka 1852, mwaka ule ule wa Stokes.

Kilichotokea ndicho kinachoitwa kujipanga kwa molekuli. Hapana mkono uliozipanga. Molekuli za kwinini zilizobeba protoni, pamoja na salfati, zilijikusanya kwa mvuto wa chaji na kwa vifungo vya haidrojeni, na kwa umbo lao zikaacha mifereji iliyonyooka. Ndani ya mifereji hiyo iodini ziliingia tatu tatu, zikajipanga mkia kwa kichwa. Muundo huo ulidhaniwa kwa muda mrefu, na ulithibitishwa kwa miale ya eksi mwaka 2009 tu.

Elektroni za iodini zilizopangwa hivyo huweza kwenda mbele na nyuma kufuata mstari, wala si kuukata. Kwa hiyo nuru inayotetema sambamba na mstari humezwa, na ile inayotetema kwa kuukata hupita. Vitabu vingi vya shule hueleza jambo hili kwa mfano wa kamba ipitayo katikati ya fito za ua. Mfano huo ni rahisi kukumbukwa, lakini hapa unapotosha, maana nuru inayofuata “fito” ndiyo inayopotea.

Fuwele za Herapath zilikuwa ndogo na nyepesi kuvunjika. Mmarekani Edwin Land alizigeuza udhaifu huo kuwa faida. Alizisaga zikawa sindano ndogo mno, akazichanganya katika plastiki nzito, kisha akaivuta ili sindano zote zielekee upande mmoja. Hataza ya karatasi hiyo ya kuchuja nuru aliiomba mwaka 1929. Miaka kumi haikupita, akagundua kuwa hata kwinini yenyewe si lazima: plastiki ikivutwa na kutiwa iodini, nyuzi zake huweza kuzipanga iodini katika mistari. Karatasi za jinsi hiyo ndizo zilizomo hadi leo katika skrini za vikokotoo, runinga na simu nyingi. Anayetaka kulihakikisha hilo atazame skrini ya kikokotoo kupitia miwani ya jua yenye kioo cha kuchuja nuru, kisha aizungushe miwani hiyo robo ya mduara.

Fuwele ndani ya damu

Yaliyosemwa mpaka hapa yangeweza kuonekana kuwa michezo ya maabara, kama kusingekuwa na fuwele nyingine iliyo muhimu kuliko zote hizo.

Kimelea cha malaria kikiingia katika chembe nyekundu ya damu hula himoglobini iliyomo. Himoglobini ikisagwa huacha mabaki yaitwayo hemu, ambayo ni sahani pana yenye chuma katikati. Hemu iliyo huru ni sumu kwa kimelea. Mwili wa binadamu una kimeng’enya cha kuivunja. Kimelea hakitegemei njia hiyo. Badala yake hemu hupangwa kuwa fuwele. Hemu mbili hukabiliana, chuma ya kila moja ikashikwa na mkono wa asidi wa mwenziwe, na jozi hizo zikaunganishwa kwa vifungo vya haidrojeni zikawa minyororo, na minyororo ikawa fuwele ngumu za rangi ya kahawia nyeusi. Huitwa hemozoini. Ndiyo rangi nyeusi ambayo Mjerumani Heinrich Meckel aliiona mwaka 1847, kabla mtu yeyote hajajua kuwa kuna kimelea. Muundo wake ulijulikana mwaka 2000. Na kwa kuwa ni fuwele, huigeuza nuru: ikitazamwa kwa hadubini yenye vichujio viwili vya aina ya Land vilivyopishana, hung’aa katika uwanja mweusi.

Hapo ndipo kwinini inapoingia. Tumbo la kimelea lina asidi. Naitrojeni ya tenga hupokea protoni humo, na molekuli yenye chaji haiwezi tena kutoka kwa urahisi kupitia utando. Hivyo dawa hujikusanya mahali pale pale inapohitajika. Sahani ya kwinini hulalia sahani ya hemu, bapa juu ya bapa. Fuwele zilizochunguzwa mwaka 2012 zilionyesha kuwa oksijeni ya lile daraja huishika chuma ya hemu, na naitrojeni ya tenga hushikana na mkono wa asidi. Hemu iliyofunikwa namna hiyo haiwezi kujiunga na wenzake. Fuwele hukoma kukua, sumu hujaa, na kimelea hufa. Huenda kwinini ina njia nyingine pia za kukiua, lakini hii ndiyo inayokubaliwa na wachunguzi wengi.

Ushahidi wa kwamba umbo zima ndilo lenye kauli unatokana na molekuli iitwayo epikwinini. Ina atomu zile zile, sahani ile ile, tenga lile lile na mkia ule ule. Tofauti ni moja: katika kaboni ya daraja, haidrojeni na haidroksili zimebadilishana nafasi. Nguvu yake dhidi ya kimelea hupungua zaidi ya mara mia, kwa sababu haidroksili na naitrojeni ya tenga sasa zimeelekea pande zisizofaa kushika hemu kwa pamoja. Ndiyo kusema kwamba mng’ao ni shughuli ya sahani na mkia wake, na tiba ni shughuli ya molekuli nzima. Klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, iliiazima sahani ikaacha tenga. Ilitumika kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi wa Tanzania wanaukumbuka mwasho wake. Kisha protini moja ya utando wa kimelea ikabadilika, ikawa inaitoa dawa nje, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza.

Kwinini iliendelea kuwa tegemeo la wagonjwa mahututi, mpaka ulipofanyika utafiti mkubwa katika nchi tisa za Afrika, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2010. Hospitali za Muheza na Korogwe, chini ya milima hiyo hiyo ya Usambara, zilishiriki. Watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa, baadhi kwa kwinini na baadhi kwa atesuneti, itokanayo na mmea wa pakanga ya Kichina. Kati ya waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, kati ya waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti iwe ya kwanza kwa watoto hao.

Sehemu kubwa ya sababu imo katika fuwele. Kwinini hukishambulia hasa kimelea kilichokomaa, kinachokula himoglobini kwa wingi na kujenga hemozoini. Kimelea kichanga, ambacho bado hakijajenga fuwele za kutosha, huiponyoka. Atesuneti hukiua hata hicho kichanga, kabla hakijakua na kuifanya chembe ya damu inate katika mishipa midogo ya ubongo.

Kwinini haijafukuzwa katika kabati la dawa. Bado huitwa pale atesuneti inapokosekana. Katika zahanati itakayoihifadhi, chupa na vidonge vyake viwekwe gizani, kwa kuwa sahani ile inayomeza urujuanimno na kuurudisha buluu haiurudishi wote. Nishati inayobaki huweza, siku baada ya siku, kuivunja na kuibadili molekuli yenyewe, na dawa ikaanza kugeuka rangi.